Bahasha ya kaki na dakika 15

Kwa miaka mingi juma la mwisho la muhula lilikuwa na desturi yake. Nilikuwa nafika darasani na bahasha ya kaki, ndani yake fomu za tathmini, ambazo wanafunzi huwapimia wahadhiri wao, zilizohesabiwa kufuatana na orodha ya darasa, pamoja na penseli chache za waliosahau zao. Namkabidhi mwakilishi wa darasa, nachukua mkoba wangu, natoka. Mhadhiri hakuruhusiwa kuwemo wakati fomu zinajazwa. Basi nasimama koridoni, mgongo ukutani, nikisikiliza. Kwanza vicheko na viti kuvutwa, halafu kimya. Kimya cha watu arobaini wanaoandika hakifanani na kimya chao wanaponisikiliza. Hiki cha kuandika kina uzito wake, unasikia hata karatasi ikigeuzwa upande wa pili. Baada ya dakika kama 15 mlango unafunguliwa, mwakilishi anatoka na bahasha iliyokwisha kufungwa kwa gundi, ametia saini palipogandishwa ili mtu akiifungua ijulikane. Anaipita mikono yangu na kuipeleka mwenyewe ofisi ya idara.

Sasa hakuna bahasha. Majuma mawili kabla ya mitihani mfumo unamtumia kila mwanafunzi barua pepe yenye kiungo, anabonyeza, anaingia kwa namba yake ya usajili, anajibu. Au habonyezi. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya idara iliyosimamia mabadiliko hayo, na katika vikao nilikuwa upande wa waliotaka tuhame haraka. Sijabadili msimamo. Karatasi ilikuwa na taabu ambazo sitamani zirudi. Lakini naandika haya kwa sababu naona tulihamisha fomu tukasahau kuhamisha kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kinaifanya fomu ijibiwe.

Niseme kwanza taabu za karatasi, maana wengi waliojiunga na kazi hii karibuni hawakuziona. Fomu zile zilisomwa na skana. Mwanafunzi alitakiwa kusiliba duara moja kwa kila swali, kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), asitoke nje ya mstari, asitumie kalamu ya wino mwekundu, asiikunje karatasi. Akikosea mojawapo, mashine inaitema fomu, na mtu anaketi kuiingiza kwa mkono. Maoni ya maandishi yalikuwa na safari yake peke yake. Kama ningepewa karatasi zenyewe, ningeutambua mwandiko, kwa kuwa muhula mzima nilikuwa nasahihisha majaribio ya watu haohao. Kwa hiyo karani wa idara alilazimika kuchapa kila neno, darasa baada ya darasa, kozi baada ya kozi. Siku moja nilimkuta ameinua karatasi kuelekea dirishani. "Mwalimu," akaniambia, "huyu kaandika mengi, tena kwa uchungu, lakini mwandiko wake umenishinda." Akachapa neno moja: haisomeki. Mpaka leo namfikiria mwanafunzi yule. Alikuwa na jambo, akatumia dakika zake zote kulisema, likaishia pale.

Na majibu yalifika lini? Muhula mwingine ukiwa umeshakolea. Ninasoma kwamba wanafunzi walishindwa kufuata mada ya nne, na mada ya nne nimeifundisha tena juma lililopita vilevile nilivyoifundisha kwao.

Pamoja na hayo, karatasi ilionyesha vitu ambavyo skrini haionyeshi. Mwaka mmoja, kabla skana haijanunuliwa, niliombwa kusaidia kujumlisha fomu za kozi ya mwenzangu. Nilikutana na fomu moja, swali la kama mhadhiri anawatendea wanafunzi wote kwa haki. Duara la 4 lilikuwa limesilibwa vizuri, jeusi. Lakini chini ya 2 palikuwa na kivuli cha kijivu, karatasi imechakaa kidogo kwa kufutwa. Aliyejaza alichagua 2 kwanza, tena kwa kukandamiza penseli, akafuta, akapanda hadi 4. Mashine ingesoma 4 na kupita. Mimi nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Alimwonea huruma mwalimu? Aliogopa jirani yake anachungulia? Alikumbuka jambo jema lililofuta baya? Fomu haikusema, ila ilinikumbusha kwamba kila namba ninayoijumlisha imetoka kwa mtu aliyesita.

Muhula wa kwanza wa mtandaoni ulipokwisha, nilifungua ripoti yangu siku ileile alama zilipotoka. Furaha ya kasi hiyo sikuificha. Kisha nikaona mstari wa juu: wanafunzi 48, waliojibu 9.

Ripoti ilikuwa nzuri kwa macho, ina rangi na michoro. Swali la kama kozi ilipangwa vizuri lilikuwa na wastani wa 3.11. Nikashuka chini kwenye mgawanyo wa majibu. Watatu walichagua 5, wawili 4, mmoja 2, watatu 1. Hakuna hata mmoja aliyechagua 3. Yaani ile 3.11, ambayo ndiyo ingenakiliwa kwenye jedwali la idara na kusomwa kama "kozi ya wastani", haikuwa maoni ya mwanafunzi yeyote. Nilikuwa na kundi lililoridhika na kundi lililokasirika, na wengine 39 ambao sikuwa nao kabisa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu: mmoja tu wa wale waliotoa 1 angeamua kutoa 5, wastani ungepanda hadi 3.56. Kama darasa zima lingejibu, mtu huyohuyo angeusogeza kwa chini ya sehemu moja ya kumi. Kwenye vikao nimeona walimu wakilinganishwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Mwaka 2008 Duncan Nulty, mtafiti wa Australia, aliweka pamoja takwimu za tafiti kadhaa zilizolinganisha njia hizi mbili. Tathmini za karatasi zilijibiwa kwa wastani wa asilimia 56, za mtandaoni asilimia 33. Simu janja zimeenea tangu wakati huo, lakini kila anayesimamia shughuli hii anaujua mteremko huo. Wengi hukimbilia kusema wanafunzi ni wavivu, na mimi maelezo hayo sijawahi kuyakubali. Wanafunzi waliojaza fomu za karatasi hawakuwa na ari kuliko hawa. Walijaza kwa sababu walikuwa wamekaa pamoja, somo limesimama, mwalimu ametoka, na kila mmoja anaona wenzake wameinamisha vichwa. Chuo kilikuwa kimewatengea wakati. Ukipokea karatasi katika hali hiyo, unaelewa bila kuambiwa kwamba maoni yako yana thamani ya dakika 15 za mhadhara.

Kiungo cha barua pepe hakina wakati uliotengwa. Kinafika usiku, katikati ya matangazo ya usajili na ratiba ya mitihani iliyobadilishwa mara ya tatu. Mwanafunzi ana kozi sita, kwa hiyo viungo sita, kila kimoja na maswali ishirini na kitu. Asipojibu, kikumbusho. Asipojibu, kikumbusho kingine. Hapo tumeigeuza haki yake kuwa deni, tena la kulipwa kwa muda wake mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fomu yenyewe hatukuigusa. Asili ya maswali yale ni ya zamani. Katika miaka ya 1920 Herman Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alikuwa tayari ametengeneza kipimo cha wanafunzi kuwapima wahadhiri wao. Mwaka 1932 Rensis Likert akachapisha njia yake ya kupima mitazamo, ile ya kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Baadaye zikaja mashine za kusoma alama za penseli, na kila swali likalazimika kuingia kwenye safu ya maduara. Maswali yetu yalikuwa mafupi na ya jumla kwa sababu karatasi ilikuwa na pande mbili tu na mashine haikuweza kusoma kitu kingine. Tulipohama tungeweza kuuliza kozi ya maabara maswali ya maabara, na kozi ya semina maswali ya semina. Badala yake tulichukua maduara yaleyale tukayachora kwenye skrini. Nilikuwa kwenye kikao hicho. Muda ulitubana, na wote tuliinua mikono.

Kuna jambo lingine lililobadilika bila sisi kulipa uzito, nalo nililetewa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Alikuja ofisini kwa shida ya alama zake, tukaimaliza, lakini hakuondoka.

"Mwalimu, naomba nikuulize kitu, usinielewe vibaya."

"Uliza tu."

"Mnatuambia hamjui nani kaandika nini kwenye tathmini. Sasa mbona mtu akishajaza, vikumbusho vinaacha kuja?"

Nilimweleza nilivyoelezwa na watu wa mfumo: kuna orodha mbili. Ya kwanza inaandika kwamba fulani amekwisha kujibu. Ya pili inatunza majibu bila majina. Ni kama kupiga kura, jina lako linawekewa alama kwenye daftari, lakini karatasi unayotumbukiza sandukuni haina jina. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini sanduku la kura naliona kwa macho. Hizi orodha mbili ziko kwenye kompyuta moja, na kompyuta ni yenu."

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa alikuwa amegusa penyewe. Kutunziwa siri na kutotambulika ni vitu viwili. Karatasi haikuwa salama kabisa, mwandiko ungeweza kukuumbua, lakini hatari yake uliiona na uliweza kuikwepa kwa kuandika herufi kubwa. Kwenye mtandao unaingia kwa jina lako mlangoni, halafu unaombwa uamini kwamba ukishafika chumba cha ndani hujulikani. Ahadi hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, na kwetu ni ya kweli, lakini bado ni ahadi, na anayeahidi ndiye mwenye alama za mwanafunzi.

Na hatukuwa tumeitunza vyema. Muhula huohuo wa kwanza, ripoti ya kozi moja ya uzamili yenye wanafunzi wanne ilitolewa ikiwa na majibu ya watatu, maoni na yote. Hapakuhitajika mwandiko kumjua nani ni nani. Mmoja alikuwa ametaja hata mada ya utafiti wake. Tangu hapo idara iliweka kanuni kwamba wakijibu pungufu ya watano, mhadhiri haoni kitu. Ukurasa wa kwanza wa fomu nao ukaandikwa upya, kwa lugha nyepesi: nani anaona majibu, anayaona lini, na kwamba hayafunguliwi kabla alama hazijathibitishwa. Kama ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, ukurasa huo ndio ningeuandika wa kwanza kabisa, kabla ya swali lolote.

Upande wa maoni ya maandishi, mtandao umetupa kikubwa, na lazima nikiri hilo. Wanafunzi wanaojibu huandika marefu kuliko walivyoandika kwa penseli, na watafiti wengi wamekuta hivyohivyo. Yule wa "haisomeki" leo angesomeka. Lakini uhuru huo unaleta na mengine. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Nimesoma maneno kuhusu sauti yangu na nguo zangu ambayo simuoni mtu akiyaandika ameketi kati ya wenzake. Mimi ni mwanamke, na ninajua wenzangu wanawake hupata haya zaidi. Siyo hisia tu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwenye kozi ya mtandaoni katika Chuo Kikuu cha jimbo la North Carolina, Marekani, uliwapa wakufunzi wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, makundi ya wanafunzi ambao hawakuwahi kuwaona. Kila mmoja alifundisha kundi moja kwa utambulisho wake na kundi jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Aliyedhaniwa kuwa mwanamume alipata alama za juu zaidi, hata katika kurudisha kazi kwa wakati, ingawa kazi zilirudishwa kwa wakati mmoja.

Karatasi ilikuwa na upendeleo huohuo, sidai kwamba mtandao uliuzaa. Ila wanapobaki wachache wenye hasira na wachache wenye mapenzi, upendeleo huo hauna wa kuupunguza makali. Ndiyo maana nikasoma kwa makini uamuzi wa mwaka 2018 nchini Kanada, ambapo msuluhishi William Kaplan, katika mgogoro kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson na chama cha wahadhiri wake, aliamua kwamba matokeo ya tathmini hizi yasitumike kupima ubora wa ufundishaji wa mtu anapoombewa kupandishwa cheo. Mimi naungana naye. Mwanafunzi ni shahidi wa kwanza wa mambo mengi: kama nilifika kwa wakati, kama alinisikia, kama kazi yake ilirudi na maelezo. Hayo aulizwe yeye, na hakuna mwingine wa kuyajibu vizuri kuliko yeye. Lakini kumwuliza wa mwaka wa kwanza kama nimebobea kwenye fani yangu, kisha kutumia jibu lake kuniamulia cheo, ni kumtwisha mzigo usiokuwa wake.

Idadi ilipozidi kushuka, mwenzetu mmoja kwenye kamati alipendekeza dawa inayotumika vyuo vingi: mwanafunzi asione matokeo yake ya mtihani mpaka ajaze tathmini. Tulijaribu muhula mmoja. Idadi ikapaa, karibu kila mtu alijibu. Nilipofungua majibu yenyewe nikakuta fomu nyingi zina 4 kutoka juu hadi chini, hata kwenye lile swali lililogeuzwa makusudi, ambapo 4 ilimaanisha kozi haikuwa na mpangilio. Mtu mwenye wasiwasi wa kujua kama amefaulu hawezi kuwa na nafasi ya kukufikiria wewe. Nilipinga kuendelea nayo na nashukuru nilisikilizwa.

Nilichoomba badala yake hakikuwa cha teknolojia. Niliomba zile dakika 15 zirudi. Ratiba ya kila kozi iseme wazi kipindi kipi ni cha tathmini, mhadhiri atangaze wiki moja kabla, siku ikifika kiungo kifunguliwe darasani kwa simu, mwakilishi asimamie, na mhadhiri atoke nje kama zamani. Asiye na simu au asiye na salio apewe kompyuta ya idara au karatasi. Ndiyo, karatasi, sioni aibu yake. Maswali yakatwe yabaki manane. Na kwa kuwa hakuna tena gharama ya kuchapa wala kungoja skana, tuulize mara mbili, mara ya kwanza ikiwa juma la 6, wakati aliyejibu bado yumo darasani na anaweza kuona jibu lake likifanya kazi.

Hili la juma la 6 ndilo nililolipigania zaidi. Kwa mpango wa zamani tunamwomba mwanafunzi aelezee maumivu wakati yeye ameshapona au ameshaondoka, kisha dawa tunampa mwingine. Anajibu kwa hisani tu. Mwaka wa kwanza anajibu kwa imani, mwaka wa pili anaangalia kama kuna kilichobadilika, mwaka wa tatu hafungui tena barua pepe.

Wahadhiri wengine walilalamika kupoteza muda wa mhadhara, na nawaelewa, silabasi ni ndefu. Idara ikaruhusu wanaotaka waanze. Muhula uliopita nilitoka darasani mwangu juma la 6, nikasimama palepale koridoni. Mlango haukufungwa sawasawa. Kwanza vicheko, kisha mtu akauliza neno la siri limepotea afanyeje, mwingine akamwelekeza, halafu kimya kile nilichokijua kikaingia, safari hii bila mkwaruzo wa penseli. Mwakilishi alipotoka hakuwa na bahasha ya kunipita nayo, mikono yake ilikuwa mitupu. Akasema, "Tayari, Mwalimu. Karibu uendelee."

Walijibu 41 kati ya 47. Kipindi kilichofuata nilikwenda na majibu niliyoyachapa kwa ufupi, nikayasoma mbele yao. Yale nisiyoweza kuyabadili, kama saa ya kipindi, nikaeleza kwa nini. Kumi na mmoja walikuwa wameandika jambo moja kwa maneno tofauti: nikiandika ubaoni huwa naendelea kuzungumza nikiwa nimewapa mgongo, na walioko safu za nyuma hawapati kitu. Nina miaka mingi kazini na sikuwahi kuambiwa. Nilipofika kwenye mada ya siku ile nikageuka ubaoni, nikaandika mlinganyo wa kwanza kimya hadi mwisho, nikaweka chaki chini, nikawageukia, ndipo nikaanza kuueleza. Safu ya nyuma kabisa kuna aliyepiga makofi mawili, akaacha.